Umetumwa na Nani?

Wenzangu mnaotunga riwaya, mkikosa mhusika mchukueni George Washington Plunkitt. Huyu alikuwa kigogo wa Tammany Hall, genge la kisiasa lililoliendesha jiji la New York, na mahali pake pa kuongelea palikuwa kwenye kiti cha kupigia viatu rangi, pale mahakamani. Mwandishi wa habari William Riordon alizikusanya porojo zake, kikatoka kitabu mwaka 1905.

Plunkitt hakukichukia kitu kama mitihani ya ajira. Kwake kazi ya jiji ilikuwa shukrani: umekipigania chama, unakula. Lakini mwaka 1881 Charles Guiteau, aliyenyimwa cheo, alimpiga risasi Rais Garfield, naye akafa. Mwaka 1883 serikali kuu ya Marekani ikatunga sheria ya kuajiri kwa mtihani. Jimbo la New York likafuata mwaka huohuo. Mwaka 1894 katiba ya jimbo ikatamka kwamba ajira, hata za mijini, zitolewe kwa sifa, na sifa zipimwe kwa mtihani kila inapowezekana.

Nilishangilia kweli. Mimi nina cheti cha kidato cha nne na bahasha za kaki zisizojibiwa. Nilikwenda ofisi moja ya jiji (sitaitaja) kuomba kibarua cha muda. Karani hakukitazama hata cheti. "Umetumwa na nani, mdogo wangu?" Sijatumwa na mtu, dada. Basi. Undugunaizesheni hiyo, mnaijua.

Na hizo kazi za muda ndizo zenye ujanja. Chicago wapigakura waliukubali mfumo wa mitihani mwaka 1895, ila baadaye wanasiasa wakaingiza watu wao kwa mlango wa uani: ajira za "muda", zisizo na mtihani, zikirefushwa mwaka hadi mwaka.

Plunkitt lakini ana hoja moja inayonikera, kwa sababu siwezi kuitupa. Alilalamika kwamba mitihani inauliza mambo yasiyohusu kazi, ikimfungia nje kijana wa mtaani. Sasa mimi hesabu nilipata F. Mzoa taka akiulizwa aljebra, nimekwisha.

Hata hivyo nipeni mtihani. Nikifeli nitaomba nioneshwe karatasi yangu, nihesabu alama mwenyewe. Yule dada ningemwomba anioneshe nini? Kitabu cha hesabu cha kaka yangu bado kipo, kimeliwa na panya pembeni tu. Nimefika ukurasa wa kumi na mbili.