Kompyuta Chomboni

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kusikia kwamba mtu wa mashua ya matanga ana kompyuta chomboni. Mimi ninayo, nayo ni ndogo kama kadi ya benki. Jina lake Raspberry Pi, ya aina iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Hutumia umeme wa volti 5 tu.

Inaongozwa na Linux, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Tangu 1992 leseni yake humruhusu kila mtu kuitumia, kuichungua na kuitengeneza. Ndani yake nimeweka OpenCPN, nayo ni ya bure vile vile. Hiyo hupokea habari za setilaiti na kuonyesha chombo kilipo juu ya ramani ya bahari.

Basi usiku mmoja tulikuwa tukitoka Tanga kwenda Pemba, mwanangu ameshika usukani. Ghafla kioo kikazimika, maana chumvi ilikuwa imekula waya. Mkondo wa bahari hapo huvuta chombo kwenda kaskazini, na miamba haina huruma. Mwanangu hakufadhaika. Kila nusu saa alikuwa ameandika daftarini mahali tulipo, mwendo wetu na upande wa dira. Akapiga hesabu, akaendelea. Alfajiri tukaiona Pemba pale pale tulipoitazamia.

Kwa hiyo, msomaji, penda kifaa unachoweza kukifungua na kukitengeneza mwenyewe. Lakini mwanao mfundishe kwanza dira, penseli na karatasi. Waya huliwa na chumvi, ujuzi hauliwi.