Kirikuu Yapanda Usambara

Ukitoka Korogwe kuelekea Moshi, milima ya Usambara Magharibi inakufuata mkono wa kulia mpaka Mombo, na hapo ndipo barabara ya Lushoto inapochepuka na kuanza kupanda. Mombo ni mji wa joto, ulio kama mita 400 tu juu ya usawa wa bahari. Lushoto, kilomita 30 na ushei kutoka hapo, iko kwenye mita 1,400 hivi, na mashamba ya mjomba wangu yako ng'ambo ya msitu wa Magamba, upande wa Lukozi. Barabara hiyo naijua tangu utotoni, lakini kwa basi. Safari hii niliteremka Mombo kumsindikiza mjomba aichukue kirikuu yake kwa fundi wa kuchomelea, tuipandishe nyumbani kwa mara ya kwanza ikiwa imeundwa upya kwa kazi ya shamba.

Kirikuu ni ile Suzuki Carry ndogo inayojulikana kila mtaa wa Tanzania. Huko Japani inakotengenezwa ina kundi lake kisheria: tangu 1998 urefu wa gari la kundi hilo usizidi mita 3.40, upana mita 1.48, injini cc 660, na mzigo kilo 350. Ni gari la mkulima. Wakulima wa Japani hupita nalo kwenye vijia vyembamba vya mashamba ya mpunga. Kwetu linafika likiwa limeshatumika, na mara nyingi huishia mjini likihamisha samani na kusambaza vinywaji. Ya mjomba nayo ilianzia huko. Aliinunua kwa mfanyabiashara wa vinywaji kwa sababu moja tu: inaweza kuvuta kwa magurudumu yote manne. Kona za sakafu ya bodi zilikuwa zimeliwa na kutu, na mlango wa nyuma ulikuwa unafungwa kwa kamba.

Mjomba alikuwa ameshajipangia kila kitu kabla ya kumwona fundi. Alitaka sakafu ya cheka pleti ya milimita 3, mbavu za engo nene, na springi za nyuma ziongezwe pleti. "Nataka kitu cha kudumu, fundi. Hili ni gari la milimani."

Fundi ni kijana mpole, karakana yake ni kibanda cha bati chenye mwarobaini mbele. Hakubisha. Alichukua futi kamba, akaupima ubao wa bodi, mita 1.94 kwa 1.41, akaandika kwenye daftari la shule. Kisha akamweleza mjomba hesabu yake. Chuma bapa cha unene wa milimita 1 kina karibu kilo 8 kwa kila mita ya mraba. Sakafu nzima ikiwa ya milimita 3 inapita kilo 60, na hapo mbavu hazijawekwa, ngao ya chini haijawekwa, wala mlango.

"Mzee, gari hili limepewa kilo 350. Kila kilo utakayoiweka kwenye chuma, umeitoa kwenye karoti."

Mjomba akalitazama lile daftari kwa muda. "Na springi je?"

"Springi nitakuongezea hata leo hii. Breki nitakuongezea wapi?"

Swali hilo ndilo lililoamua umbo la gari. Pleti zikiongezwa, bodi haiinami tena, dereva anaona gari bado lina nafasi, naye anaendelea kupakia. Lakini breki, ekseli na tairi ni zile zile zilizopigiwa hesabu ya mzigo mdogo. Kwenye tambarare unaweza kuendesha hivyo kwa muda mrefu bila kuadhibiwa. Kwenye mteremko wa Soni, kati ya Lushoto na Mombo, adhabu haikawii. Fundi alizibadilisha pleti zilizochoka kwa nyingine za idadi ile ile, wala hakuzigusa kwa moto, kwa sababu chuma cha springi kikichomelewa hupoteza ugumu wake na kukatika siku usiyoitarajia.

Nilikuwapo wakati kazi ya mwisho ikifanyika. Fremu ya bodi haikuungwa juu ya gari. Tangi la mafuta liko chini ya bodi, na cheche za kuchomelea haziwezi kuachwa jirani nalo. Fundi aliipanga fremu chini, juu ya boriti mbili alizozisawazisha kwa pimamaji. Kwanza alizishika kona kwa nukta ndogo za moto, moja huku na nyingine upande wa pili, ili joto lisivute chuma upande mmoja. Halafu akavuta futi kamba kutoka kona hadi kona, akarudia kona mbili zilizobaki. Vipimo vilitofautiana kidogo. Akaigonga fremu kwa nyundo, akapima tena, akagonga tena, mpaka vikalingana. Hapo ndipo alipovaa ngao ya uso na kuziba viungo kwa stiki za milimita 2.5, vipande vifupi vifupi, huku akihama upande baada ya upande. Fremu ilipopoa ilifungwa garini kwa bolti kwenye matundu ya kiwandani, na katikati ya chuma na chuma akaweka vipande vya mpira wa tairi kuukuu. Palipobaki kiungo kimoja cha kuchomelea garini penyewe, alianza kwa kuchomoa waya hasi wa betri, maana umeme wa mashine ukipita njia isiyo yake huunguza altaneta.

Vipimo vya bodi vilifuata kreti. Kreti ya plastiki ya mboga ina sentimita 60 kwa 40, kwa hiyo sakafuni zinaingia 9, na zikipangwa safu mbili zinakuwa 18. Mbavu ni za skwea paipu nyembamba ya milimita 25, zenye nafasi za kupitisha hewa, kwa sababu kabichi ikibanwa bila hewa huanza kuoza kabla haijafika sokoni. Sakafu ni bati la milimita 1.5 lililokalia vyuma vya kukingama, lenye matundu madogo kando. Nyuma ya kabini kuna kiti cha chuma cha kufungia pampu ya maji, kilichowekwa chini kabisa ili uzito usipande juu. Chini ya injini kuna ngao ya milimita 3, iliyofungwa kwa bolti na kutobolewa mahali pa kumwagia oili. Upande wa kushoto wa bodi vinaning'inia vigingi viwili vya magurudumu, vya engo, vyenye meno upande wa chini. Vyuma vyote, vilivyoondolewa na vilivyowekwa, vilipita kwenye mizani. Gari lilikuwa limeongezeka kilo 40. Zikabaki kilo 310 za mzigo, zinazotosha kreti 18 za kilo 17 kila moja.

Tuliondoka Mombo asubuhi jua likiwa bado la upole. Nyuma tulikuwa na pampu na mifuko minne ya mbolea ya kilo 50. Mjomba alikamata usukani, mimi nikaketi kushoto, injini ikinguruma chini ya viti vyetu. Kazi ya kupandisha na kushusha mizigo katika milima hii ina historia ndefu. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walikuwa wameshajenga njia ya kamba za chuma, kazi ya kampuni ya Bleichert ya Leipzig, iliyoteremsha magogo ya msitu wa Shume mpaka Mkumbara. Chuma hicho chote kilikusudiwa kutoa mali ya mlima na kuipeleka mbali. Mkulima aliendelea kubeba mzigo wake kichwani.

Baada ya Mombo barabara inaingia kwenye korongo na kufuata mto. Ukuta wa mwamba upo upande mmoja, bonde upande mwingine, na kona haziishi. Mjomba alipanda kwa gia ya pili, jicho likiwa kwenye mshale wa joto. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa kuwa hewa inapungua uzito. Kwa hiyo injini hiyo ndogo inachoka wakati huo huo mlima unapozidi kudai. Nikaelewa kwa nini fundi alizipigia hesabu hata zile kilo za sakafu. Mshale ulipanda kidogo, ukatulia, na haukusogea tena mpaka Soni.

Soni tulisimama karibu na maporomoko. Fundi alikuwa ameagiza bolti zote zikaguliwe mahali pa kwanza pa kupumzika, kwa sababu fremu mpya hujikalia inapotikiswa na bolti hulegea. Mjomba alilala chini akashika spana, mimi nikamshikia tochi. Mbili zilikubali robo ya mzunguko. Nyingine zilikuwa zimekaza. Kina mama waliokuwa wakiuza plamu na mapeasi kando ya barabara walikuja kuitazama bodi, na mmoja akaomba lifti mpaka Lushoto yeye na mzigo wake.

"Shikamoo baba. Nafasi si ipo hapo nyuma?"

"Marahaba mwanangu. Mzigo wako lete, utaukuta stendi. Wewe panda basi. Bodi hii haikuundwa kwa watu."

Akakubali. Kapu lake la plamu tulilishusha stendi ya Lushoto, naye akafika muda si mrefu baada yetu.

Kutoka Lushoto tulipanda mpaka Magamba, kwenye baridi na miti mirefu, mbega wakirukaruka juu ya matawi. Mpaka hapo mjomba hakuunganisha magurudumu ya mbele. Mfumo wa gari hili huyafunga ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa mwendo mmoja, na kwenye lami kavu yenye kona kali hilo huziumiza gia. Aliyaunganisha tulipochepuka kwenye njia ya udongo mwekundu kuelekea shambani, mvua ya usiku ikiwa bado haijakauka. Gari lilitambaa. Mahali penye jiwe lililochomoza tulisikia mkwaruzo mrefu chini ya miguu yetu. Tulipochungulia, ngao ilikuwa na mchirizi mpya unaong'aa, na chombo cha oili juu yake hakikuguswa.

Mwinuko wa mwisho kabla ya shamba ndio uliokuwa ukiwashinda wenye pikipiki wakati wa masika. Mjomba alisimamisha gari katikati yake makusudi, akavuta breki ya mkono, akaniambia nishuke niweke vigingi. Niliviingiza nyuma ya magurudumu. Akaachia breki taratibu. Gari likarudi nyuma kiasi cha kidole, meno yakauma udongo, likasimama. Milimani kwetu dereva huweka jiwe alilolikuta njiani, akishaondoka huliacha hapo hapo, na anayekuja nyuma yake usiku huligonga. Kigingi kinarudi kwenye ndoano yake.

Siku ya soko tulipakia karoti. Huku kwetu karoti huoshwa kijitoni kabla ya kuuzwa, kwa hiyo zilikuja zikichuruzika, na maji yakatoka kwenye yale matundu ya sakafu badala ya kutuama na kuanza kulila bati kama yalivyolila lile la zamani. Kreti 18 zikakaa bila kubakiza pengo la kuzifanya zicheze. Kuteremka mjomba alitumia gia ile ile aliyopandia, akigusa breki kwa kuikumbusha tu, na tukafika Lukozi wakati malori ya Dar es Salaam yanaanza kupakia. Karoti hazikuvunjika wala kuchubuka, na mnunuzi hakupata sababu ya kushusha bei.

Tangu hapo majirani wamekuja kuiangalia kirikuu, na wengi huanza kwa kugonga mbavu kwa kidole. "Mbona nyembamba?" huuliza. Ni swali la haki kwa mtu anayekwenda kununua chuma kwa fedha ya mavuno. Lakini fundi yule angeweza kumuuzia mjomba kila alichokitaka: chuma kingi zaidi, siku nyingi zaidi za kazi, malipo makubwa zaidi. Alimwonyesha hesabu, akapokea kidogo, na kwa hesabu hiyo tulipanda na kushuka salama.

Nimenakili ule ukurasa wa daftari lake kwa idhini yake: urefu, upana, unene wa kila chuma, nafasi kati ya mbavu, mahali pa kila bolti. Vijana wa kijijini wanaosomea uchomeleaji kwenye chuo cha ufundi cha VETA wameuchukua, na ningependa kuona SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na vyuo vya ufundi vikikusanya kurasa kama huo kutoka karakana nyingi, kwa sababu maarifa haya yameenea nchini na karibu yote yako vichwani mwa watu. Nasi wateja tuna sehemu yetu. Tukifika kwa fundi tumuulize kwanza gari litabeba nini, litapita wapi na litasimamaje, na tukubali kumlipa kwa majibu hayo kama tunavyomlipa kwa chuma na stiki.