Mkia wa Kingamwili

Kilifi, Jumatatu, 12 Februari 2024

Leo nimeweka sahani mbili sambamba, zote zina seli za THP-1, monosaiti za kukuzwa maabara, yaani seli za kinga zinazomeza wavamizi, na merozoiti za malaria, vimelea vinavyovamia seli nyekundu za damu, zilizolowekwa kwenye plazma ya watu wazima wa huku kwetu, watu walioumwa na kupona mara nyingi tangu utotoni. Moja nimeiacha kwenye barafu, nyingine nimeitia kwenye inkubeta, nyuzi 37. Chini ya hadubini tofauti inaonekana wazi. Kwenye barafu merozoiti zimenata ukingoni mwa seli lakini ziko nje. Kwenye joto zimo ndani, zimekwisha kumezwa. Kushika hakudai joto. Kumeza kunadai, maana seli lazima isogeze utando wake mpaka imzingire adui. Na bila kingamwili zilizomo kwenye plazma hiyo, zile seli hazishughuliki sana na merozoiti.

Jumatano, 14 Februari

Niyaweke haya kwa utaratibu. IgG, kingamwili iliyo nyingi zaidi kwenye damu, ina umbo la herufi Y. Mikono miwili hushika kimelea. Mkia, yaani Fc, hushikwa na kipokezi kilicho juu ya seli ya kinga. Rodney Porter wa Uingereza alizitenganisha sehemu hizo mwaka 1959, kwa kukata kingamwili za sungura kwa papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai.

Vipokezi hivyo vya mkia, FcγR, havifanani. FcγRI hushika kwa nguvu hata kingamwili moja inayoelea peke yake. FcγRIIa na FcγRIIIa hushika kwa ulegevu, na ulegevu huo ndio unaonistaajabisha. Kila lita ya plazma ya mtu mzima ina takriban gramu 10 za IgG. Kama kila moja ingeamsha seli kwa kuigusa tu, mwili ungewaka usiku na mchana. Ikiwa peke yake, kingamwili hugusa na kuachia. Zikijaa juu ya merozoiti, mikia mingi hukamata vipokezi vingi kwa wakati mmoja, vipokezi husongamana, na ndani ya seli vimeng'enya vya Src na Syk hupokezana amri. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Halafu kuna FcγRIIb, ambacho amri yake ni kinyume: tulia. Seli hupima amri zote mbili ndipo itende.

Ijumaa, 16 Februari

Nimesoma hadi usiku habari za sukari iliyo kwenye mkia, pale kwenye asidi amino ya 297, asparajini. Ikiondolewa yote, kingamwili bado hukamata kimelea barabara, ila vipokezi vingi vya FcγR havishikiki vizuri tena. Ikiondolewa fukosi peke yake, sehemu moja tu ya sukari hiyo, mambo hugeuka: mshiko kwenye FcγRIIIa cha seli za NK, seli za kinga zinazoua seli lengwa, huongezeka mara nyingi. Watengenezaji wa dawa za saratani wanaitumia mbinu hiyo.

Bakteria nao wanaujua udhaifu huu. Streptococcus pyogenes hutoa kimeng'enya IdeS, kinachokata IgG chini kidogo ya bawaba, pale mikono inapoungana na mkia. Mikono hubaki imemshika bakteria, mkia umekwenda, na seli haina pa kushika.

Jumanne, 20 Februari

Mwaka 1961 watafiti Cohen, McGregor na Carrington walitoa taarifa kwamba IgG ya watu wazima wa Gambia, walipodungwa nayo watoto wenye malaria, ilishusha vimelea. Kingamwili zinakinga, hilo lilithibitika. Mwaka 1990 kundi la mtafiti Druilhe likaonyesha jambo zito zaidi: kingamwili za Waafrika zilizowasaidia wagonjwa wa Thailand hazikuzuia vimelea zilipowekwa navyo peke yao maabara. Zilipowekwa pamoja na monosaiti, zilizuia.

Ndiyo maana taarifa ya chanjo inayotaja wingi wa kingamwili pekee hainitoshi. Nataka kujua ni aina gani za IgG: ni IgG1 na IgG3, zinazoshika vipokezi vizuri, au ni IgG2 na IgG4, ambazo kwa vipokezi vingi ni dhaifu. Nataka kujua zinaamsha seli ipi. Mtoto anaweza kuwa na kingamwili tele na bado akalazwa, kama mikia ya kingamwili hizo haiiti mtu.

Kesho nitamwomba mkuu wa maabara plazma hizi hizi tuzipime pia kwa seli za NK. Monosaiti peke yao hazitatupa jibu lote.