Swichi Iliyokwama

Huku kwetu Othaya, ng'ombe ni fee. Maziwa ya asubuhi huenda kwa deri, pesa hulipwa mwisho wa mwezi, mtoto anasoma. Kwa hivyo ndigana kali ikiingia zizini, haiui ng'ombe peke yake.

Kwetu iliingia nikiwa mwaka wa pili chuoni. Tezi za chini ya sikio zilivimba, ng'ombe akakataa nyasi, akaanza kuhema vibaya. Dawa ipo, buparvakuoni, lakini inataka kudungwa mapema. Alikufa siku chache baadaye. Semista iliyofuata sikurudi.

Nilibaki na swali moja: chembe nyeupe zake, ambazo kazi yake ni kulinda mwili, zilikuwa wapi?

Jibu linauma. Zilikuwa kazini, ila zilikuwa zimebadilishiwa mwajiri. Ndani ya chembe za kinga kuna protini inaitwa NF-kappa B. Siku za kawaida hukaa imefungwa na protini nyingine. Adui akionekana, kimeng'enya kiitwacho IKK huitia alama hiyo iliyoifunga ili iharibiwe. NF-kappa B inaingia kwenye kiini, inawasha jeni, chembe zinaongezeka, na zile za aina ya B zinajiandaa kutengeneza kingamwili. Vita vikiisha, swichi inazimwa.

Theileria parva, kimelea kinacholetwa na kupe, huingia ndani ya chembe hizo hizo na kuishi humo. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba kinaikusanya IKK juu ya mwili wake, swichi ikabaki imewashwa. Chembe inagawanyika ovyo kama ya saratani, na kimelea kinagawanyika nayo. Kingamwili hazikifikii humo ndani.

Chanjo ilitoka Muguga, Kiambu, miaka ya 1970: ng'ombe anadungwa vimelea hai pamoja na tetrasaiklini ya kukaa mwilini. Anaugua kidogo tu, na chembe za T zinajifunza kuua wenzao waliotekwa.

Mathe sasa analea ndama. Shida ni kwamba chanjo hiyo hukaa kwenye naitrojeni baridi sana, mrija mmoja una dozi za ng'ombe wengi, na ukishayeyushwa lazima utumike siku hiyo hiyo. Mwenye ndama mmoja hawezi peke yake. Kwa hivyo jioni napita kwa majirani nikiandika majina. Tumefika ndama 14.