Safari yetu ya Kuba na mguu wa mama



Ndugu zangu wasomaji, watu wengi msikitini wananiuliza ile safari yetu ya Kuba iliishia wapi, maana mwaka 2024 nilikuwa nimeshawatangazia nusu ya akina mama wa darasa la Jumamosi. Nimechoka kueleza mmoja mmoja, kwa hiyo naandika yote hapa, na mwenye nia ya kupanga safari kama hiyo huenda akapata faida kidogo.

Ilianza katika Ramadhani ya mwaka huo. Tulikuwa tumeshafuturu, watoto wanagombania likizo ya Disemba, huyu anataka Florida, yule anataka kwenda kuona theluji milimani kana kwamba hapa Kentucky baridi haitutoshi. Mama yangu alikuwa kimya na bakuli lake la uji. Mara akasema, "Mimi Mungu akinipa umri, nataka nifike Kuba." Watoto wakacheka. Bibi yao ukimpeleka tu dukani analalamika mbali, leo anataka kuvuka bahari!

Mama akasogeza kitenge chake, akawaonyesha kovu lililo juu ya kifundo cha mguu wa kushoto. Kovu lile nimeliona tangu utoto wangu, na siku zote nilidhani ni la jembe. Kumbe sivyo.

Mwaka 1965 mama alikuwa na miaka kama kumi, katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Fizi, Kongo. Mguu ulimwingia usaha ukavimba mpaka gotini, dawa za miti zikashindwa. Wakati huo kulikuwa na wageni kule milimani pamoja na wapiganaji wa Simba. Babu akambeba mgongoni akampeleka kwao. Daktari aliyemtibu alikuwa mtu mweusi kama sisi, mama anasema, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota. Akaupasua ule mguu, akaufunga, na siku ya tatu akaja mwenyewe kijijini kuuangalia. Jina lake lilikuwa hesabu. "Ilikuwa saba, au kumi na saba," mama akasema, "nimesahau, na hilo linaniuma." Baada ya miezi wale wageni walitoweka usiku mmoja, na babu akasema walikuwa watu wa Kuba.

Kijana wangu mkubwa anasoma chuo, na yeye haamini kitu mpaka akisome. Akaenda maktaba, akarudi ametoa macho. Ni kweli kabisa. Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa Aprili 1965, Wakuba zaidi ya mia moja wakamfuata, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo wakaondoka baada ya mambo kuwaharibikia. Na kweli walipewa majina ya hesabu za Kiswahili ili wasijulikane. Víctor Dreke aliitwa Moja, na Che mwenyewe aliitwa Tatu. Watoto walishangaa sana. Mama akawaambia, "Huyo Tatu mimi simjui. Mimi namjua wa mguu wangu."

Basi tukakubaliana, likizo ya Disemba ni Kuba. Sisi watano, mama wa sita, na yaya wangu aliyeko Brussels na binti zake wawili. Yaya alikuwa ni lazima aje. Yeye ni muuguzi, na mama ana kisukari, anatumia insulini ambayo inataka ubaridi. Kumpeleka mama bila yaya kwenye nchi ambayo hata wenyeji wanahangaika kupata dawa, nisingethubutu.

Mimi kwa ujinga wangu nilidhani kazi iliyobaki ni tiketi. Sote hapa ni raia wa Marekani tangu 2018, mama naye alikaa miezi mingi akikariri yale maswali mia ya uraia. Nikajua mlango upo wazi. Kumbe Kuba ni mlango mwingine. Marekani iliweka vikwazo vya biashara mwaka 1962, wakati wa Rais Kennedy, na mpaka sasa havijaondolewa. Sheria haisemi wazi kwamba usikanyage kisiwani. Inachokuzuia ni kutumia pesa kule, na mtu atasafirije bila kutumia pesa? Ofisi ya Wizara ya Fedha inayosimamia mambo haya, OFAC, imeweka makundi 12 ya safari zinazoruhusiwa: kutembelea jamaa wa karibu, uandishi wa habari, utafiti, shughuli za dini, misaada na mengineyo. Utalii haumo. Bunge lenyewe liliufunga kwa sheria ya mwaka 2000, kwa hiyo hata rais hawezi kuufungua peke yake. Kwenda kulala ufukweni tu ukala embe, hiyo si sababu. Na kwenda kuona nchi ya mtu aliyekupasua jipu mwaka 1965, nayo niliitafuta katika yale makundi sikuiona.

Kundi lililotufaa ni lile la kuwasaidia wananchi wa Kuba. Hulipiwi ada na huombi barua kwa mtu, unalitaja unaponunua tiketi. Lakini masharti yake ni kazi kweli. Kila siku uwe na ratiba kamili ya shughuli za kukutana na wananchi wenyewe. Ulale kwenye nyumba za watu binafsi, kwani kuna orodha ndefu ya hoteli zilizopigwa marufuku tangu 2020. Ule kwenye migahawa ya watu binafsi, ununue kwa mafundi wadogo, na kila risiti, kwa kanuni ya wakati ule, uihifadhi miaka mitano, maana serikali inaweza kukuuliza wakati wowote. Mume wangu akatenga kopo la biskuti kwa ajili ya risiti. Mama alipoliona akacheka, akasema kule kambini Nyarugusu kadi ya posho naye aliiweka kwenye kopo kama lile, na aliipenda kuliko dhahabu.

Hapa niseme jambo moja ambalo lilituletea mjadala mkali nyumbani. Ndugu mmoja, mtu mwema tu, alituambia, "Nyinyi mnajisumbua. Tikeni kile kiboksi, mkifika nendeni zenu ufukweni, hakuna anayeuliza." Mume wangu alielekea kukubali. Mimi nilikataa, na siombi radhi. Kwanza kuandika uongo ni kuandika uongo, hata karatasi ikiwa ya kipuuzi. Pili, sisi tuliopewa uraia juzi, tuliohojiwa mara tano kabla ya kupanda ndege, hatuna ruhusa ya kucheza na karatasi kama aliyezaliwa hapa. Mkisema mimi ni mwoga, sawa, woga huo umenilea.

Kwa hiyo tulipanga kwa haki. Tulimpata mama mmoja wa Havana mwenye nyumba ya vyumba vitatu, tukawa tunaandikiana kwa simu, yeye Kihispania, mwanangu anatafsiri. Tulijifunza kwamba kadi za benki za Marekani hazifanyi kazi kule, kwa hiyo pesa zote za siku kumi na mbili unazibeba mkononi. Kuhusu chakula, nguruwe kule ni kitoweo cha kila siku, na hata maharage yanaweza kupikwa kwa mafuta yake, kwa hiyo tulimwambia mwenyeji mapema na akatuahidi samaki. Kuna wali wao wa maharage meusi ambao unaitwa Wamuri na Wakristo, yaani maharage ndiyo Waislamu weusi na wali ndio Wakristo. Watoto walilipenda jina hilo sana. Na Msikiti wa Abdallah upo katika mji mkongwe wa Havana, mtaa wa Oficios, ulifunguliwa Juni 2015. Mama akataka Ijumaa zote mbili tuswali pale, na tukaziandika kwenye ratiba.

Mwezi wa Julai yaya akanipigia simu usiku. Kule Brussels ilikuwa bado alfajiri, nikajua kuna jambo.

"Mdogo wangu, hiyo Kuba umeisoma vizuri?"

Nikamwambia nimeisoma mpaka macho yanauma.

"Umesoma ya kwenu. Ya kwangu hujasoma."

Yaya ni raia wa Ubelgiji. Kila mwaka shule zikifungwa anakuja kumwona mama, na hajawahi kuomba viza. Anajaza ESTA kwenye intaneti, wakati ule ilikuwa dola 21 kwa miaka miwili, kesho yake anapata jibu. Sasa, tarehe 12 Januari 2021 serikali ya Marekani iliirudisha Kuba kwenye orodha yake ya nchi zinazofadhili ugaidi. Na kanuni inasema mtu wa Ulaya aliyefika Kuba tangu tarehe hiyo hapati tena ESTA. Hafungiwi kuja, lakini lazima aombe viza kamili ubalozini, alipe ada, ambayo wakati ule ilikuwa dola 185, apange foleni ya mahojiano, na afisa anaweza kumkatalia. Mabinti zake vilevile.

Soma tena hapo, msomaji. Mimi raia wa Marekani ningekwenda na kurudi na kopo langu la risiti. Yaya, ambaye nchi yake haimkatazi kwenda Kuba hata kidogo, ndiye angepoteza njia ya kuja kwa mama yake. Kwa siku kumi na mbili za likizo! Nilikaa sakafuni na ile simu. Nilikuwa nimepanga miezi minne bila kujua nilikuwa namfungia mlango dada yangu.

Wiki zilizofuata hazikuwa nzuri. Yaya alisema atakwenda hivyohivyo. "Foleni? Mimi nimepanga foleni ya maji miaka mingapi? Nitaomba hiyo viza." Akasema tumempa mama neno, na mama ana miaka 69. Mume wangu akasema twende bila yaya, tukabishana kuhusu insulini. Mtu mwingine akatuambia Wakuba mara nyingi hawagongi muhuri kwenye pasipoti, kwa hiyo yaya ajaze tu kwamba hajafika. Ndiyo yaleyale ya kiboksi. Na yaya aliposikia hilo alikasirika kuliko mimi.

Mama hatukumwambia. Hilo lilikuwa kosa letu. Akagundua mwenyewe, kwa sababu watoto hawawezi siri. Mwezi wa Septemba alituita, yaya kwenye simu ya picha, akatuuliza swali moja tu: huyo afisa wa ubalozi akisema hapana, nani atambadilisha? Hakuna aliyejibu. "Basi," akasema, "mguu wangu ulipona tangu 1965. Mimi siendi kuangalia mguu halafu nikose mtoto." Yaya akalia. Mimi nilibaki naangalia ukuta, maana nilikuwa na hasira, na sikujua hasira yenyewe ni ya nani. Mpaka leo bado ninayo kidogo.

Alhamdulillah tiketi tulikuwa hatujanunua. Yule mama wa Havana nilimwandikia kumwomba radhi, na amana tuliyompa nikamwambia abaki nayo. Kisha Ijumaa ya tarehe 18 Oktoba mtambo mkubwa wa umeme wa Antonio Guiteras, kule Matanzas, ulizimika, na umeme wa nchi nzima ukaanguka, watu kama milioni kumi wakabaki gizani kwa siku kadhaa. Siku mbili baadaye kimbunga Oscar kikapiga mashariki ya kisiwa. Nilimwandikia, kimya. Nikamwandikia tena. Siku ya tano akajibu kwamba wako salama, ila nyama ya kwenye friji wamelazimika kuipika yote na kuila na majirani. Nilifikiria chupa za insulini za mama.

Wanaouliza kama bado inawezekana kwenda, jibu ni kwamba mambo haya hubadilika kila mara, usitegemee nilichoandika mimi. Mwezi wa Machi 2025 ule muda wa kuhifadhi kumbukumbu uliongezwa kutoka miaka mitano hadi kumi, na mwezi wa Juni mwaka huohuo rais akatoa agizo kwamba marufuku ya utalii isimamiwe kwa ukali zaidi. Somo ratiba zako zote mwenyewe, na kama familia yenu ina pasipoti za nchi mbalimbali kama yetu, soma ya kila mmoja kabla ya kumwahidi mzee chochote.

Yaya alikuja Disemba, na ESTA yake ya dola 21. Yule mama wa Havana alikuwa ametutumia maelezo ya kupika wale Wamuri na Wakristo, nasi tukawapika, sufuria mbili, kwa mafuta ya kawaida. Mama akaonja, akasema yanataka mawese na ndagala pembeni. Binti mdogo wa yaya, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokota, alikuwa amejifunza kuhesabu kwa ajili ya bibi yake. Akasimama katikati ya sebule akahesabu mpaka ishirini, na mama amefumba macho, anasikiliza.

"Anza tena," akamwambia, "kuanzia sita. Polepole."

Wassalaam alaykum.