Namba ya Saa Kumi

Juni 2021, kaunti 13 za upande wa ziwa zilipowekewa kafyu ya saa moja jioni, Baba alikuwa wodini Kisumu, amewekewa oksijeni. Kumwona hatukuruhusiwa. Kila siku saa kumi nilimpigia sista wa zamu, naye ananisomea namba.

"CRP ni 186."

Sikujua hiyo ni nini. Akanieleza pole pole: ini likipata habari kwamba mwili unawaka, linamwaga protini hiyo kwenye damu. Mtu mzima asiye mgonjwa kwa kawaida huwa chini ya 10. Kuna pia ferritini, na D-dima, ambayo huonyesha kwamba damu imekuwa ikiganda na kuyeyuka. Korona ndiyo iliwasha moto, akasema, lakini sasa ni kinga ya Baba mwenyewe inayochoma mapafu.

Baba alifundisha hesabu miaka 31. Kwetu, namba kubwa ilikuwa ya kuchinjiwa kuku. Sasa nilikuwa naomba ishuke.

Ikashuka. Walikuwa wanampa deksamethasoni, dawa ya bei nafuu ambayo utafiti wa Uingereza mwaka 2020 ulionyesha kwamba inaokoa baadhi ya wagonjwa wanaohitaji oksijeni. 186, 120, 64. Nilikuwa nazituma kwenye grupu ya familia, na amina zinamiminika.

Mama hakuandika amina. Alinipigia.

"Amekula?"

"Mama, CRP imeshuka hadi 64!"

"Nimesikia. Nauliza kama amekula."

Sikuwa nimeuliza. Kesho yake nikauliza. Sista akanyamaza kidogo. "Uji amekataa, leo siku ya tatu. Na oksijeni tumemwongezea."

Baba alifariki Jumapili alfajiri. Kwenye karatasi ya mwisho CRP ilikuwa 38. Daktari alituambia namba haikudanganya: moto ulikuwa umepungua kweli. Ila mapafu yalikuwa yameshaungua, na CRP haipimi kilichoungua.

Karatasi hiyo bado ninayo. Silaumu kipimo, kilijibu nilichouliza. Lakini siku zote hizo sista alikuwa amesimama karibu na kitanda cha Baba, simu mkononi, na mimi namwambia tu: "Sista, nisomee namba."