Ufa wa Chumba cha Baba

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilipokuwa kidato cha pili niliandika insha juu ya methali hii, nikapewa 17 kati ya 20. Leo nakiri, ndugu msomaji, kwamba nilikuwa siijui. Nilikuwa sijawahi kuziba hata tundu la msumari.

Nyumba yetu ipo Ngamiani, Tanga, ni zile za Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku. Baba alipofariki, chumba chake kilikaa kimefungwa miezi minne. Kisha mama akasema, "Mwanangu, deni la dukani halijui matanga. Tukipangishe." Akapatikana dada mmoja muuguzi, atahamia tarehe 1, na atatoa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Mie nikakabidhiwa kuta.

Dukani nikakuta puti za aina mbili: ya unga, unayochanganya na maji mwenyewe, na ya kopo, iliyokwisha changanywa kiwandani. Nikachukua ya kopo. Sikutaka mambo ya vipimo. Nyumbani nilikuwa na daftari la riwaya limekwama sura ya tatu, nikajipa siku moja tu nimalize kazi hiyo.

Nikang'oa misumari: wa kalenda, wa kanzu, wa picha ya harusi. Tundu zilikuwa 14. Zile ndogo hazikunisumbua. Unachota puti kwa ncha ya skrepa, unakandamiza, unapitisha mara moja, kwisha. Lakini palipokuwa na kichanja cha redio ya baba palibaki tundu la kuingia kidole gumba. Nikalishindilia puti likajaa, nikalisawazisha. Asubuhi nikaligusa, gumu! Nikapiga msasa, nikapaka rangi, nikarudi kwenye daftari langu kifua mbele.

Siku ya tatu pamebonyea kama kitovu, na ufa umezunguka pembeni.

Mjomba wangu, fundi rangi wa siku nyingi, alipokuja alicheka kwanza. Akachokonoa kwa msumari. Ndani puti ilikuwa bado laini kama ugali wa moto!

"Sikiliza, mjomba," akaniambia. "Hii ya kopo hukauka kwa kutoka maji. Maji yakitoka, nayo inapungua. Ukiijaza yote kwa pigo moja, juu inafanya ngozi, ndani maji yanakosa pa kutokea. Ile ya unga wa jasi ni nyingine, yenyewe inashikana na maji ndipo inakuwa jiwe. Tundu kubwa kama hili ungetumia hiyo."

Basi nikaanza upya. Kwanza kukwangua vilivyolegea na kufuta vumbi kwa brashi, maana puti haishiki juu ya vumbi. Halafu tabaka jembamba, milimita 3 hivi. Nikangoja siku nzima. Tabaka la pili, nikangoja tena. La mwisho nikaliacha limezidi ukuta kidogo, ili msasa upate cha kula. Kisha nikapaka viraka peke yake rangi iliyoongezwa maji, kwa sababu puti hunywa rangi kuliko ukuta. Usipofanya hivyo viraka huonekana hata baada ya mikono miwili.

Nikadhani tumemaliza. Mjomba akainama nyuma ya palipokuwa na kitanda. Kulikuwa na ufa kutoka sakafuni mpaka usawa wa goti, na pembeni yake unga mweupe wa chumvi. Akagonga kwa kidole. Lipu ikalia tupu.

"Huu si wa kopo," akasema. "Ukuta unakunywa maji."

Mama alikuwa mlangoni. "Paka tu hivyo hivyo. Masika mbali. Atakapoona, si atakuwa keshalipa?"

Mjomba akaaga, akaondoka bila neno. Mie nikapaka. Nasema kweli, nilipaka. Nikaziba, nikapiga msasa, nikapaka rangi mara mbili, na ule ukuta ukawa mzuri kuliko zote. Ndipo nilipoona ubaya wa kazi yangu: nilikuwa nimekwisha jua, na nimeifanya kwa ustadi.

Tarehe 1 dada muuguzi akaja na bahasha. Akapapasa ukuta. "Pazuri! Fundi nani?"

"Ni mimi, dada," nikajibu. Mama akatabasamu. Nikaona nikinyamaza hapo sitasema tena. "Lakini pale chini pana unyevu. Nimeuficha kwa puti. Mvua ikija rangi itabanduka."

Alinitazama, akamtazama mama. Akahesabu noti, akatoa za miezi 3. "Mkitengeneza, mtapata zilizobaki." Mama hakusema nami siku mbili. Deni la dukani likalipwa nusu, na mwenye duka alipita nyumbani kutukumbusha, mbele za watu.

Mjomba akarudi, safari hii akaanzia nje. Mfereji wa bati ulikuwa umeanguka siku nyingi, na maji ya paa yalikuwa yakichimba pale pale chini ya msingi. Tukaurudishia. Tukabomoa lipu mbovu, tukaacha ukuta ukauke majuma kadhaa kabla ya kupiga mpya. Nusu ya pili ya kodi ikaja. Masika yaliyofuata nilikwenda kupapasa pale. Pakavu.

Kopo langu limebaki robo. Nimelifunga vizuri, maana ukiliacha wazi linakauka lote. Bado naliamini kwa tundu za misumari na nyufa nyembamba za lipu. Ila ile insha, ningeirudia leo, ningeongeza jambo moja: kabla hujaziba ufa, zunguka nyuma ya nyumba ukatazame kilichoufungua. Na ukikijua, usimwachie mpangaji akigundue mwenyewe.